Mbuzi ya Viatu

Kwenye kizingiti cha nyumba moja ya udongo, kaskazini mwa Pemba, upande wa Wete, palikuwa na bamba la jembe lililochimbiwa ardhini, makali yake yakielekea juu. Mpini ulikuwa umekwisha kuwa kuni zamani. Bamba lenyewe lilikuwa limelika kwa kulima hata likabaki si zaidi ya upana wa kiganja, na mwenye nyumba, mkulima wa mpunga aliyefiwa na mume akiwa bado kijana, hakuona sababu ya kulitupa. Alilisimamisha baina ya mawe mawili, akaligongomea kwa jiwe la tatu, na tangu siku hiyo kila aliyetaka kuingia ndani wakati wa masika alitakiwa kwanza akwangue nyayo zake hapo. Chombo hicho hakikuwa na jina. Bibi yule alikuwa akisema tu: “Pita kwenye chuma.”

Anayeijua Pemba ya kiangazi peke yake bado hajaijua. Unguja, hasa upande wa mashariki, ni nchi ya mawe. Mvua ikinyesha, maji huzama katika matumbawe na baada ya muda mfupi mtu hutembea mkavu. Pemba ni vilima na mabonde, na udongo wake hushika. Atokaye bondeni kupanda mpunga huwa amevaa tope jeusi mpaka magotini, kisha hupanda kilima chenye udongo mwekundu, ule mweusi ukawa gundi ya ule mwekundu, na afikapo nyumbani huwa amebeba miguuni kiatu ambacho hakikushonwa na fundi yeyote. Tope la namna hiyo halifutiki kwa majani, wala halitoki kwa maji ya kata moja. Hutaka makali.

Na sakafu ya nyumba ile ilikuwa ya udongo. Hapa pana jambo ambalo aliyekulia kwenye saruji hawezi kulijua mpaka aelezwe. Tope likiingia kwenye saruji hukauka, likafagiwa, yakaisha. Likiingia kwenye sakafu ya udongo hujiunga na ndugu yake. Ukilifagia lingali bichi unaichimba nyumba yako mwenyewe. Ukilisubiri likauke, husinyaa likawa kifundo, nacho hung’olewa polepole kwa ncha ya kisu kabla ya ufagio kupita. Sakafu iliyopondwa ikawa laini kama sinia huweza kujaa vijilima kwa masika moja tu, ikiwa wakaao humo hawana adabu ya miguu. Kwa hiyo mwanamke yule alifagia mara tatu kutwa, ameinama, mkono mmoja mgongoni, na kila jioni alinyunyiza maji kidogo akaisawazisha sakafu kwa kiganja chake.

Alikuwa na watoto wanne. Watatu walipita kwenye chuma. Mmoja, mwanamume, aliruka.

Hakuwa mtoto mwovu. Alikuwa mtoto mwenye njaa na haraka, na chungu kilikuwa ndani. Mama hakumpiga wala hakupaza sauti. Hasira zake zilikuwa za kunyamaza. Aliuchukua ufagio na kisu, akaanza pale zilipoanzia nyayo, akazifuata moja baada ya moja mpaka zilipoishia, nazo kwa kawaida ziliishia jikoni. Mtoto alikuwa akila huku akiusikia ufagio ukimkaribia.

Mwaka 1973 kijana huyo aliondoka kisiwani, akapata kazi melini, na baada ya miaka kadhaa ya kuzunguka bandari za watu akateremka London akabaki. Kazi ya kwanza ya nchi kavu aliyoipata ilikuwa ya kusafisha ngazi na vyoo katika jumba moja la ofisi huko Bloomsbury, mtaa wa nyumba ndefu za matofali zilizojengwa kuanzia karne ya 18, zimeegemeana bega kwa bega. Alifika kabla ya kupambazuka, mvua nyembamba ya huko ikinyesha. Kando ya kidato cha jiwe, kushoto kwa mlango, alikiona chuma: bapa la urefu wa shubiri hivi, makali juu, limelazwa baina ya viguzo viwili vifupi vilivyopindwa kwa nakshi, na viguzo vimezamishwa katika jiwe na kuzibwa kwa risasi. Aliinua mguu bila ya kufikiri, akakwangua soli, akainua wa pili. Ndipo aliposita. Ilikuwa ni mara yake ya kwanza kufanya hivyo bila ya kuambiwa.

Baadaye, alipokuwa akiwahadithia Waswahili wenziwe wa Unguja na Mombasa aliokutana nao huko, alikiita mbuzi ya viatu, nao walifahamu papo hapo. Kwa Kiingereza chombo hicho kina jina la kazi tu, kikwangulio, kama vile mtu aitwe mfagiaji. Jina alilolitoa yule Mpemba lina picha ndani yake. Mbuzi ya nazi haiendi kwa mtu. Imekaa, na mtu huiletea kifuu. Na hii pia imekaa, miaka mia mbili, na mtu huiletea mguu. Tofauti ni moja: kwenye mbuzi ya nazi kinachotakiwa ni kile kinachokwanguka.

Habari za mbuzi ya viatu ni habari za barabara. Tope la London ya zamani halikuwa tope la mvua na udongo peke yake. Lilikuwa samadi ya farasi, majivu ya makaa ya mawe, na taka za majikoni, vyote vimesagwa na magurudumu. Mwaka 1762 ilipitishwa sheria ya kutandaza mawe katika njia za Westminster, na miji mingine ikafuata mtindo huo. Mtu angedhani kuwa hapo ndipo vyuma vya mlangoni vingekosa kazi. Kumbe ndizo zama vilipoenea. Aliyekuwa akichukuliwa kwa gari sasa alipata njia safi ya kutembelea, na aliyetembea, hata akawa mwangalifu vipi, mwisho alilazimika kuvuka barabara. Walikuwapo watoto na wazee waliosimama kwenye vivuko na mafagio, wakimfagilia mpitaji njia kwa kutaraji senti. Henry Mayhew, mwandishi aliyekusanya habari za mafukara wa London katikati ya karne ya 19, aliwahoji wengi wao na kuandika maneno yao. Wanawake wa kawaida walivaa chini ya viatu vyao nyayo za mti zenye duara la chuma, ili wainuke juu ya uchafu. Msomaji aliyewahi kusikia mitalawanda ikigonga sakafu ya chooni ataijua sauti hiyo.

Chuma cha kusubu kiliporahisika, mbuzi za viatu zikawa za kila mlango. Matajiri walizitaka ziwe na nakshi: kinubi, joka, simba wawili wamepeana mgongo. Nyingine zilipewa sinia chini la kudakia tope, nyingine burashi mbili za ubavuni. Brussels, ambako milango mingi hufunguka moja kwa moja kwenye njia ya watu, hawakuwa na nafasi ya kuweka chuma nje. Wakatoboa kijidirisha ukutani, karibu na ardhi, wakakitia humo, na hata leo mtu akitembea mitaa ya zamani ya mji ule huona matundu hayo ubavuni mwa milango kama vile nyumba zina vishubaka vilivyoteremka. Kisha farasi wakaondoka, magari yakaja, lami ikamwagwa. Katika vita vya pili vya dunia serikali ya Uingereza ilikata vyuma vya nyua nyingi za London ipate chuma cha vita. Mbuzi nyingi zilizozama ndani ya jiwe zilisalimika, kwa kuwa kuzing’oa ilikuwa taabu kuliko faida yake.

Basi ile ya Bloomsbury ilikuwapo, na hakuna aliyeijali. Wafanyakazi wa ofisi walikuja na mvua wakaipita. Wengine walifungia baiskeli hapo. Siku za theluji iliyochanganyika na chumvi na mchanga wa barabarani, zulia la ngazi lilikuwa jeupe kwa madoa ifikapo saa tatu, na yule Mpemba alilisugua kwa burashi, amepiga magoti, kuanzia ngazi ya chini mpaka ghorofa ya nne. Nyayo za mtu mmoja zilikuwa na alama ya nyota katikati ya kisigino. Alizijua kabla ya kumjua mwenyewe. Alizifuata kila asubuhi, ngazi kwa ngazi, mpaka kwenye mlango wa ofisi moja ya ghorofa ya tatu, na siku moja mlango ukafunguka akatoka kijana mpole, mwenye haya, aliyemwomba radhi kwa kumpita akiwa kazini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka.

Usiku ule msafishaji hakulala. Haifai kuyakuza mambo haya. Hakuna aliyekufa kwa nyayo za matope. Lakini mtu anayejua idadi ya ngazi za jumba kwa magoti yake hupata hesabu nyingine za maisha, na yeye alianza kuhesabu masika: alizaliwa lini, alianza kutembea lini, aliondoka lini. Mara tatu kutwa.

Jambo moja alilifahamu hapo, ambalo vitabu vya majengo havilisemi. Katika nyumba kubwa za zamani, aliyenunua mbuzi ya viatu siye aliyefagia. Bwana alinunua chuma chenye simba wawili, na mtumishi aliamka alfajiri akakikwangua chuma chenyewe, akakioshea tope, akakipaka rangi nyeusi, kisha akaingia ndani kusugua zulia, kwa kuwa wageni wa bwana hawaamrishwi. Chombo kilikuwa pambo la mwenye mlango. Kule Pemba, aliyelichimbia jembe ndiye aliyeshika ufagio, na jembe lenyewe ndilo alilokuwa akilimia.

Palikuwa na chombo kingine alichokikumbuka, nacho alikitumia bila ya kushurutishwa. Katika msikiti wa kijiji chao, mbele ya birika, palikuwa na jiwe la tumbawe la mviringo, limepachikwa sakafuni, nusu ndani nusu nje, mgongo wake ukiwa na mikunjomikunjo kama ubongo. Mtu aliteka maji kwa kata, akajimwagia mguuni, akasugua unyayo juu ya jiwe. Mawe ya namna hii ni ya kale kuliko mbuzi yoyote ya chuma huko Ulaya. Katika magofu ya misikiti ya mwambao, Gede na Kilwa Kisiwani, bado yapo karibu na mabirika yaliyokauka, yamelainika pale katikati kwa nyayo za watu wa karne nyingi. Mafundi wa zamani walikuwa wameipima bahari: tumbawe bichi lingechubua ngozi, jiwe laini lisingetoa kitu, ila tumbawe la namna ile, likikaa maji, hukuna bila ya kukata. Siku hizi misikiti mingi imetiwa mabomba na vigae, na mawe hayo yameng’olewa yakatupwa uani. Vigae ni safi, hilo halina ubishi. Ila mtu wa shamba akifika na tope lake husimama juu ya kigae kinachoteleza, akasugua kisigino cha mguu mmoja kwa kidole cha mguu mwingine, kama kuku.

Mwaka 1998 yule mwana alirudi kwa mapumziko ya mwezi mmoja. Kwenye soko la vitu vikuukuu la London alikuwa amenunua mbuzi ya viatu, ya chuma cha kusubu, yenye sinia, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Uwanja wa ndege walimtoza uzito uliozidi. Akaibeba kutoka Unguja kwa meli mpaka Mkoani, na kutoka Mkoani mpaka Wete juu ya mapaja yake ndani ya gari ya abiria, kila kona akiikumbatia isimwangukie jirani. Alipoifungua mbele ya mama yake, bibi aliigeuza, akaigonga kwa kucha, akauliza:

“Hii nini, mwanangu?”

“Ya kukwangulia miguu, Mama. Wazungu huweka mlangoni. Sisi kule tunaiita mbuzi ya viatu.”

Bibi alilitazama jembe lake pale kizingitini, akaitazama na ile zawadi, akacheka mpaka akaketi.

“Umelipa nauli ya jembe!”

Alitaka kumwambia kwa nini aliileta. Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu London, akayarudia ndani ya ndege na ndani ya meli. Lakini mama alikuwa akicheka, na majirani walikuwa wamekuja kutazama, na maneno ya namna ile hayasemwi mbele ya majirani. Akachimba shimo, akaiweka upande wa pili wa mlango. Kesho yake asubuhi alikuta mbuzi wa jirani amefungwa kamba hapo, anatafuna majani. “Umesema ni mbuzi,” alisema bibi. “Nimempa mwenziwe.”

Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uliingia katika mifugo ya Uingereza, na wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa kuuzuia. Kwenye malango ya mashamba yaliwekwa mabeseni na majani yaliyoroweshwa dawa, na hakuna aliyevuka kabla ya kuchovya viatu. Mwana alimsimulia mama yake kwa simu, bibi akiwa dukani Wete, amesubiri nusu saa kupigiwa. Aliyataka kujua yote: dawa gani, beseni la ukubwa gani, nani husimama hapo.

“Na asiyetaka kuchovya?”

“Haingii, Mama. Hata awe nani.”

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Ningejua, ningekulisha nje.”

Walicheka wote wawili. Mwana akasema, “Mama, nisamehe,” lakini hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kuagana kwa simu katika siku zile, kila mtu akiyasema kabla ya kadi kwisha, na bibi aliyapokea hivyo: “Nimekusamehe, mwanangu, nawe nisamehe.” Laini ikakatika.

Masika ya mwaka 2003 aliitwa kwa haraka. Alimkuta mama yake kitandani, hazungumzi, ila macho yake yalikuwa mlangoni, yakimfuata kila aingiaye, yakishuka mpaka miguuni. Siku kumi na moja alikaa naye. Mpwa wake, binti wa dada yake, wa miaka 12, ndiye aliyekuwa akifagia sasa, mkono mmoja mgongoni, mtindo uleule.

Walimzika siku ya mvua. Kaburi lilikuwa likijaa maji huku likichimbwa. Wanaume walipokezana kuyateka kwa ndoo, na mwana alishuka ndani mwenyewe, tope likimfika mapajani. Udongo wa chini huko ni mwekundu mtupu, hauna jani wala mzizi, na hushika kuliko wote. Wanaume waliporudi nyumbani walipita kwenye chuma mmoja mmoja, bila ya kuambiwa na mtu, wazee kwa vijana, kila mmoja akiegemea ukuta pale palipokuwa na alama nyeusi ya mikono ya miaka yote. Hakuna aliyetumia ile ya London. Chini ya jembe palijaa udongo wa kaburi, chungu nzima.

Mwana alirudi wa mwisho. Aliingia ndani moja kwa moja, akakipita kizingiti, akaenda mpaka kwenye kitanda kilichokwisha kutandikwa upya, akasimama hapo. Aliposikia ufagio nyuma yake aligeuka. Mpwa wake alikuwa mlangoni, ameinama, hakusema neno. Alikuwa akizitazama nyayo nyekundu zilizotoka kizingitini mpaka pale aliposimama.

“Nipe mimi,” alisema, akanyoosha mkono.

Binti alimpa ufagio, kisha akaushika tena kwa chini kabla hajauinamisha.

“Bado bichi, mjomba. Ukifagia sasa utaichimba nyumba.”

Akauegemeza ufagio ukutani. Akatoka nje kwa kukanyaga palepale alipokuwa amekwisha kukanyaga, akaegemea ukuta, akakwangua mguu wa kulia, kisha wa kushoto, akaketi kwenye kizingiti pamoja na mpwa wake kusubiri likauke.